Jinsi ya Kuisoma Hukumu ya Reli ya Wabash ya Mwaka 1886

Kabla hujaifungua hukumu yenyewe, chukua karatasi na uchore mstari mmoja ulionyooka kutoka kushoto kwenda kulia. Mwisho wa kushoto andika Peoria, mji ulio kando ya mto katika jimbo la Illinois. Sogea kidogo kulia, uandike Gilman, mji mdogo ulio ndani ya jimbo hilohilo, na kati ya miji hiyo miwili uandike maili 86. Mbele kidogo ya Gilman weka alama ya mpaka wa Illinois na Indiana, halafu uuache mstari uendelee hadi ukingo wa kulia wa karatasi, na hapo uandike New York. Karatasi hiyo iweke karibu nawe muda wote utakaokuwa unasoma, kwa maana kila hoja ya majaji katika kesi ya Wabash, St. Louis & Pacific Railway Company dhidi ya Illinois inarudi kwenye mstari huo, na msomaji asiyeuona hupotea baada ya kurasa chache tu.

Mwongozo huu nimewaandikia wanafunzi wa sheria na wa historia, pamoja na msomaji yeyote anayetaka kuisoma hukumu ya kale kwa macho yake mwenyewe badala ya kutegemea muhtasari wa sentensi mbili. Nimeichagua kesi hii kwa sababu mambo yaliyotokea yanaenea kwenye karatasi moja, na ndani yake mna swali ambalo kila nchi yenye mamlaka za ngazi mbili hukutana nalo siku moja: ikiwa mwenye mamlaka ya juu amenyamaza, je, aliye chini yake anaruhusiwa kusema? Tangu mwaka 2021 sheria ya Tanzania imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama, na kwa sababu hiyo naona ni wajibu wetu kuzoea kuzichambua kwa lugha yetu hata hukumu za mbali ambazo hufundishwa katika vyuo vyetu vya sheria.

Anza na jina na namba ya kesi

Kesi hii hutajwa kwa namba 118 U.S. 557. Maana yake ni kwamba hukumu imechapishwa katika juzuu ya 118 ya ripoti rasmi za Mahakama ya Juu ya Marekani, kuanzia ukurasa wa 557. Mawakili walisikilizwa mwezi Aprili 1886, na hukumu ikatolewa tarehe 25 Oktoba mwaka huohuo. Utakapoipata, utakuta mwanzoni muhtasari uliotayarishwa na mwandishi wa ripoti, kisha maelezo mengine kabla ya maneno ya jaji. Muhtasari huo usome ukipenda, lakini usiunukuu kana kwamba ni kauli ya Mahakama, kwa sababu hukumu inaanzia pale panapotajwa jina la jaji aliyeiandika, ambaye hapa ni Samuel Freeman Miller.

Tazama pia mpangilio wa majina. Kampuni ya reli imetangulia na jimbo la Illinois limefuata, na mtu asiyezoea anaweza kudhani kuwa kampuni ndiyo iliyolishtaki jimbo. Mambo yalikuwa kinyume chake. Mahakamani kwao Illinois, ni jimbo lililoishtaki kampuni kwa niaba ya wananchi, likidai faini. Kampuni iliposhindwa katika mahakama ya juu kabisa ya jimbo, ikapeleka malalamiko yake Washington, na anayelalamika ndiye aliyetajwa kwanza. Ukilielewa hilo mapema, hutachanganyikiwa Miller anapowataja walalamikaji na walalamikiwa.

Hesabu fedha kwa mkono wako

Ukweli wa kesi umo katika mashtaka, na jambo la kufanya ni kuuhamishia kwenye ule mstari. Siku moja, kampuni ilikubali kusafirisha ratili 26,000 za mzigo, yaani behewa moja lililojaa, kutoka Peoria hadi New York kwa dola 39. Siku hiyohiyo ilikubali kusafirisha mzigo mwingine wa uzito uleule na wa daraja lilelile kutoka Gilman hadi New York, na safari hii ikatoza dola 65. Gawanya mwenyewe: ratili 26,000 ni mafungu 260 ya ratili mia mia. Mzigo wa Peoria ulitozwa senti 15 kwa kila fungu, na 260 mara 15 ni dola 39. Mzigo wa Gilman ulitozwa senti 25, na 260 mara 25 ni dola 65. Andika 39 chini ya Peoria na 65 chini ya Gilman.

Sasa itazame karatasi. Behewa la Peoria lilipaswa kusafiri maili 86 zaidi, tena kwa njia ileile, na likafika Gilman ndipo liendelee na safari. Mteja wa Gilman aliweza kusimama kando ya reli akaliona likipita, akijua kwamba yeye aliye karibu zaidi na New York ameongezewa dola 26. Usiharakishe kuipita picha hiyo. Mkulima au mfanyabiashara wa mji mdogo hakuhitaji kusoma uchumi ili aone kwamba anaonewa, na hasira iliyojaa katika siasa za Illinois kwa zaidi ya miaka 15 ilitokana na mambo ya namna hii.

Hata hivyo, msomaji makini anapaswa pia kuuliza kampuni ilikuwa inafikiri nini, maana bila jibu hilo itaonekana ni ukatili mtupu. Reli ni biashara yenye gharama kubwa ambazo haziepukiki hata kama treni hazitembei: taruma, madaraja, stesheni na riba ya mikopo. Mahali palipokuwa na reli kadhaa zinazoshindana, au mto unaopitika kwa meli, kampuni ilishusha bei hadi kiwango cha kupata chochote kilicho juu ya gharama ya treni yenyewe. Mahali ambapo mteja hakuwa na njia nyingine, ilipandisha bei ili kufidia. Peoria ulikuwa mji wa mtoni wenye reli nyingi. Kampuni ya Wabash yenyewe iliundwa mwaka 1879 chini ya tajiri wa reli Jay Gould kwa kuunganisha njia nyingi, na kufikia mwaka 1884 ilikuwa imelemewa na madeni hadi mahakama ikaiweka chini ya wasimamizi. Siyasemi haya kuitetea. Nayasema kwa sababu ubaguzi wa bei uliotokana na ushindani hautibiki kwa kuongeza ushindani peke yake, na hapo ndipo hoja ya kutunga sheria inapopata nguvu.

Isome sheria ya Illinois neno kwa neno

Wanafunzi wengi huruka sehemu hii wakaenda moja kwa moja kwenye Katiba ya Marekani. Ni kosa, kwa sababu kesi nzima inaning'inia kwenye maneno machache ya sheria ya jimbo.

Historia yake kwa ufupi ni hii. Katiba mpya ya Illinois ya mwaka 1870 ililiagiza bunge la jimbo kutunga sheria za kuzuia ubaguzi na unyonyaji katika nauli za reli. Wakati huo wakulima wa majimbo ya kati walikuwa wamejipanga katika vyama, kikubwa kikiwa kile cha Grange kilichoanzishwa mwaka 1867. Mwaka 1871 bunge likatunga sheria ya kwanza na kuunda tume ya reli na maghala. Mwaka 1873 mahakama ya juu ya jimbo ikaibatilisha sheria hiyo katika shauri la kampuni ya Chicago & Alton, kwa hoja kwamba ilikataza kila tofauti ya bei bila kuipa kampuni nafasi ya kueleza sababu zake. Wakulima walikasirika mno. Jaji Mkuu Charles B. Lawrence, aliyeiandika hukumu hiyo, alipogombea tena kiti chake mwaka huohuo aliangushwa kwa kura. Bunge likatunga sheria nyingine, iliyoanza kutumika tarehe 1 Julai 1873, ambayo safari hii ilisema kwamba tofauti ya bei ni ushahidi wa awali tu wa ubaguzi, na kampuni inaweza kuupinga.

Katika sheria hiyo ya 1873, tafuta maneno yanayokataza kampuni kutoza, kwa umbali wowote ndani ya jimbo hili, kiasi kilekile au kikubwa zaidi ya kile kinachotozwa kwa umbali mrefu zaidi kuelekea upande uleule. Pigia mstari maneno “ndani ya jimbo hili”, kisha rudi kwenye karatasi yako na ujiulize kama behewa la Gilman lilikuwa likisafiri ndani ya Illinois. Kwa kipande kifupi, ndiyo. Kwa safari nzima, hapana. Mahakama ya Illinois ilisema kile kipande kinatosha: bei ya safari nzima inaweza kugawanywa kwa maili, na sehemu iliyoangukia Illinois ikawa chini ya sheria ya Illinois. Kampuni ilijibu kwamba mkataba ulikuwa mmoja, wa kutoka Illinois hadi New York, wala hapakuwa na bei ya Illinois inayoweza kutengwa. Ukiweza kueleza pande hizi mbili bila kutazama kitabu, umekwishafika nusu ya safari.

Liandike swali kabla ya kusoma jibu

Hapa ninakushauri ufunike ukurasa na uandike swali la kesi kwa sentensi moja. Watu wengi huandika hivi: je, jimbo lina haki ya kudhibiti nauli za reli? Swali hilo ni pana mno, na lilikwisha kujibiwa miaka tisa kabla. Mwaka 1877, katika kesi ya Munn dhidi ya Illinois, Mahakama ya Juu ilikuwa imeamua kwamba jimbo linaweza kuweka ukomo wa bei katika maghala ya nafaka ya Chicago. Jaji Mkuu Morrison Waite aliazima wazo la kale la mwanasheria wa Uingereza, Hale, kwamba mali ya mtu binafsi ikishafungamana na maslahi ya umma, haiwi tena jambo lake peke yake. Kesi kadhaa za reli ziliamuliwa pamoja na ile ya Munn kwa msingi uleule.

Swali la Wabash ni jembamba zaidi, na liandikwe hivi: je, jimbo linaweza kuweka kanuni ya nauli kwa safari moja inayoanzia ndani yake na kuishia katika jimbo lingine, wakati Bunge la Marekani, lililopewa na Katiba mamlaka ya kusimamia biashara baina ya majimbo, halijatunga sheria yoyote juu ya jambo hilo? Sehemu ya mwisho ya swali ndiyo ngumu. Mwaka 1886 hapakuwa na sheria ya taifa inayosimamia nauli za reli. Kwa hiyo hapa hapana mgongano wa sheria mbili, kama ilivyo katika kesi nyingine nyingi za aina hii. Kuna sheria moja, ya Illinois, na upande wa pili kuna ukimya. Mimi mwenyewe ninapoisoma hukumu hii huandika pembeni ya kila aya neno moja, “ukimya”, na kuuliza jaji anaupa maana gani. Njia hiyo haijawahi kuniangusha.

Sikiliza jinsi Miller anavyokiri

Sasa funua ukurasa. Jaji Miller hakuanza na nadharia. Alianza na jambo lililomkabili waziwazi: maneno ya Mahakama yake mwenyewe. Miongoni mwa kesi za 1877 kulikuwa na ile ya Peik, iliyohusu reli ya Wisconsin, na humo Waite alikuwa ameandika kwamba hadi Bunge la Marekani litakapochukua hatua, Wisconsin inaweza kudhibiti nauli za kampuni hiyo kwa kadiri zinavyohusu mambo ya ndani ya jimbo, hata kama kwa kufanya hivyo watu wa nje wataguswa pia. Mawakili wa Illinois waliyashika maneno hayo kwa mikono miwili, na walikuwa na haki ya kufanya hivyo.

Miller alikubali kwamba katika hukumu zile mna lugha inayoelekea kuunga mkono upande wa Illinois. Alieleza kwamba kesi zilikuwa nyingi, kwamba hoja kubwa wakati ule ilikuwa kama jimbo lina mamlaka yoyote juu ya bei za mali ya watu binafsi, na kwamba suala la biashara baina ya majimbo halikupewa uzito wake. Kisha akaandika jambo ambalo hupitwa kirahisi na wasomaji wa haraka: kati ya majaji waliokubaliana na hukumu zile za 1877, ni watatu tu waliobaki mahakamani, na yeye ni mmoja wao.

Simama hapo na uhesabu. Wawili wengine ni Waite na Joseph P. Bradley. Sasa ruka hadi mwisho wa hukumu, uone ni nani waliopinga: Bradley ameandika maoni ya wachache, na Waite yuko pamoja naye, wakiungana na jaji Horace Gray. Kwa maneno mengine, kati ya mashahidi watatu wa kile kilichokusudiwa mwaka 1877, wawili, akiwemo mwandishi wa maneno yale ya Peik, walimkatalia Miller tafsiri yake. Mahakama iligawanyika majaji sita kwa watatu. Hesabu hiyo haimaanishi kwamba Miller alikosea, kwa kuwa mahakama inaweza kuyapima upya maneno yake. Inamaanisha kwamba unaposoma hukumu inayosema “hatukukusudia hivyo”, ni vizuri kutazama ni akina nani waliokuwepo.

Fuata hoja yake hatua kwa hatua

Baada ya kuondoa kikwazo cha Peik, Miller alijenga hoja yake kwa vipande viwili, na ni muhimu kutovichanganya.

Kipande cha kwanza kinahusu mkataba. Alisema safari ya kutoka Gilman hadi New York ni kitu kimoja. Bei ilikuwa moja na mkataba ulikuwa mmoja, wala hapakuwa na chochote kinachoonyesha kwamba sehemu fulani ya fedha ilitozwa kwa ajili ya maili za Illinois. Kuugawa kwa maili ni kuutungia upya mkataba ambao wahusika hawakuufanya. Hapa chukua kalamu ya rangi na uifuate njia yote kwenye karatasi yako, kutoka Gilman hadi New York, bila kuinua mkono mpakani. Hivyo ndivyo Miller alivyouona mstari huo. Mahakama ya Illinois iliinua kalamu mpakani.

Kipande cha pili kinahusu Katiba, na ndicho kilichobeba uzito. Miller alijenga juu ya kanuni ya kesi ya Cooley, iliyohusu marubani wa bandari ya Philadelphia, kwamba katika biashara baina ya majimbo yako mambo ya mahali pamoja, ambayo jimbo linaweza kuyasimamia Bunge likiwa kimya, na yako mambo ambayo kwa asili yake ni ya taifa zima na yanahitaji kanuni moja. Katika mambo ya aina hii ya pili, ukimya wa Bunge haulipi jimbo ruhusa. Akamtaka msomaji afikirie kitakachotokea ikiwa kila jimbo ambalo mzigo unapita litaweka kanuni zake za bei, za namna ya kusafirisha, na za muda wa kupokea na kukabidhi mzigo. Illinois ikikataza mteja wa mbali asitozwe pungufu, na jimbo linalofuata likiagiza kinyume, behewa lilelile litakuwa limevunja sheria likiwa bado njiani. Kwa maoni yake, haki ya kusafirisha mizigo mfululizo kutoka upande mmoja wa nchi hadi mwingine ni ya lazima kwa biashara ya zama zake, na kanuni za safari hizo lazima zitoke kwa Bunge la Marekani.

Katika kuthibitisha hilo aliitumia kesi ya Hall dhidi ya DeCuir ya mwaka 1878, na ningependa msomaji asiipite kana kwamba ni namba tu. Louisiana, baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, ilikuwa imetunga sheria iliyokataza vyombo vya usafiri kuwabagua abiria kwa rangi zao. Josephine DeCuir, mwanamke mwenye asili ya Kiafrika, alinyimwa nafasi katika sehemu ya meli ya mtoni iliyotengewa Wazungu, akashtaki na kushinda katika mahakama za jimbo. Mahakama ya Juu ikatengua ushindi wake, ikisema meli ile ilisafiri baina ya majimbo na jimbo moja haliwezi kuiwekea masharti. Hoja iliyomnyima haki mwanamke huyo ndiyo ileile iliyowanyima watu wa Gilman. Ukisoma kesi zote mbili pamoja, utaona kwamba kanuni hii haikuwa na upande wa kudumu: ilimwangusha yeyote aliyekuwa amepata ulinzi kutoka kwa jimbo lake wakati Bunge la taifa limelala.

Angalia pia kile ambacho Mahakama haikukisema

Kosa linalorudiwa sana katika muhtasari wa kesi hii ni kusema kwamba majimbo yalinyang'anywa mamlaka yote juu ya reli. Miller aliandika kinyume chake. Alisema kwamba kwa safari inayoanza na kuisha ndani ya jimbo, kanuni ya Illinois inaweza kuwa ya haki kabisa, na kwamba ni kazi ya bunge la jimbo kuliamua hilo. Hakuutetea ubaguzi wa bei mahali popote. Mteja anayesafirisha mahindi kutoka Gilman hadi Chicago, miji miwili ya Illinois, aliendelea kulindwa na sheria ya 1873. Weka alama kwenye aya hiyo, maana ukiulizwa mtihanini au kwenye mjadala, ndiyo itakayokuokoa.

Yasome maoni ya wachache kana kwamba yalishinda

Huu ni ushauri ninaoutoa kwa kila hukumu. Ukiyasoma maoni ya wachache ukijua kwamba yalishindwa, utayasoma kivivu. Jifanye kwamba ndiyo sheria, kisha uone kama dunia ingekwenda.

Bradley anaanzia mahali tofauti kabisa na Miller. Kwake yeye, reli ni kazi ya umma iliyoundwa na jimbo. Jimbo ndilo lililoipa kampuni hati ya kuanzishwa, likairuhusu kutwaa ardhi za watu, na likaiachia ikusanye nauli kwa niaba ya shughuli ambayo kwa desturi ni ya serikali. Iweje muumbaji apoteze uwezo wa kumzuia aliyemuumba asiwaonee raia wake, eti kwa sababu tu mzigo unavuka mpaka? Kuhusu ule mchafuko wa kanuni za majimbo, alisema umekuzwa kupita kiasi, na kwamba ikitokea matatizo ya kweli, Bunge la Marekani lina uwezo wa kuingilia kati wakati wowote. Kwa hiyo ukimya wa Bunge, kwake, ni ruhusa hadi litakaposema.

Naikubali hoja yake kwa sehemu kubwa, na nitaeleza sababu. Tangu sheria ya 1873 hadi hukumu ya 1886 ilipita miaka 13, na Bunge la Marekani halikuwa limetunga chochote. Kumwambia mteja wa Gilman kwamba anayeweza kumlinda ni yule ambaye hajawahi kumlinda, huku ukimzuia yule aliye tayari, ni kumwacha mikononi mwa kampuni. Lakini pia siwezi kumpuuza Miller, kwa kuwa mfano wake wa majimbo kupeana zamu ya kutoa amri juu ya behewa moja si wa kubuni tu. Msomaji naye aamue, ila aamue baada ya kuzisoma pande zote mbili kwa uzito uleule.

Kuhusu kilichofuata, chunga sentensi zako

Tarehe 4 Februari 1887, miezi mitatu na siku chache baada ya hukumu, Rais Grover Cleveland alitia saini sheria ya biashara baina ya majimbo. Sheria hiyo iliunda tume ya watu watano, mwenyekiti wake wa kwanza akiwa Thomas M. Cooley, na kifungu chake cha nne kilikataza kutoza safari fupi zaidi ya ndefu katika njia moja na mwelekeo mmoja, mazingira yakiwa yanafanana kwa kiasi kikubwa. Kwa maneno mengine, Bunge liliuvunja ukimya wake kwa kuichukua kanuni ileile ya Illinois.

Ni rahisi hapa kuandika kwamba hukumu ya Wabash ndiyo iliyozaa sheria hiyo. Usiandike hivyo bila kupunguza makali. Seneta Shelby Cullom, ambaye aliwahi kuwa gavana wa Illinois, alikuwa amekwisha kuwasilisha ripoti ya kamati yake mwezi Januari 1886, kabla hata mawakili hawajasikilizwa, na miswada ilikuwa ikibishaniwa katika mabaraza yote mawili. Hukumu ilichofanya ni kuondoa kisingizio. Kabla yake, mbunge aliyependa kungoja aliweza kusema majimbo yanatosha. Baada ya tarehe 25 Oktoba, sehemu ya biashara ya reli iliyovuka mipaka ya majimbo haikuwa na msimamizi hata mmoja, na kila mtu aliliona pengo hilo.

Vilevile usidhani kwamba Gilman ilipata nafuu mara moja. Yale maneno ya “mazingira yanayofanana kwa kiasi kikubwa” yalikuja kuwa mlango wa kutorokea. Mwaka 1897, katika kesi ya reli ya Alabama Midland, Mahakama ya Juu ilikubali kwamba ushindani wenyewe unaweza kuyafanya mazingira yasifanane, na kifungu cha nne kikabaki bila nguvu hadi Bunge lilipoyafuta maneno hayo mwaka 1910.

Chora mstari wa pili

Hatua ya mwisho ni ya kujipima. Chini ya mstari wako wa kwanza, chora mwingine kwa ajili ya kesi ya Shreveport ya mwaka 1914. Safari hii uandike Houston upande mmoja, Shreveport upande wa pili, na Lufkin katikati. Houston na Lufkin ziko Texas. Shreveport iko Louisiana, ng'ambo ya mpaka. Kutoka Houston hadi Lufkin ni maili 118.2, na nauli ya mzigo wa daraja la kwanza ilikuwa senti 50 kwa kila ratili mia. Kutoka Shreveport hadi Lufkin ni maili 112.5, na nauli ilikuwa senti 69. Bei ya ndani ya Texas ilikuwa imewekwa chini na tume ya jimbo lenyewe, na wafanyabiashara wa Louisiana wakajikuta wamefungiwa nje ya soko.

Sasa, kabla ya kuisoma hukumu ya jaji Charles Evans Hughes katika kesi hiyo, andika kwa maneno yako mwenyewe Miller angesema nini na Bradley angesema nini, ukikumbuka kwamba wakati huu sheria ya 1887 ipo, tume ya taifa imekwisha kutoa amri, na mzigo unaobishaniwa, ule wa kutoka Houston hadi Lufkin, hauvuki mpaka wowote.